Ndege Asiye na Shangazi

Sheria ya ukoo wetu ni kwamba mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi hawaibiani. Wanachukuliana. Mtani wako akiweka kitu, na mkono wako ukakifikia kabla hajageuka, ni chako mpaka naye achukue cha kwako. Hakuna kulia, hakuna kusema kwa mama. Mimi ni mtoto wa mjomba. Binamu yangu ni mtoto wa shangazi, tumepishana miezi miwili, na tangu tuna meno ya utoto nimemchukulia kandambili, vipande vya samaki wa mgebuka vilivyokuwa njiani kuelekea mdomoni, na siku ya kipaimara chake nilimchukulia gauni jeupe, nikalivaa, nikaenda nalo bombani kuchota maji. Yeye alinichukulia mtandio wangu wa Idi akamfunga nao mbuzi. Watu wazima walicheka. Na mbuzi alipendeza, tuseme ukweli.

Nayasema haya ili usije ukadhani mimi ni mtu wa kununa. Shuleni najulikana kwa kinyume chake. Naweza kuiga mwendo wa mkuu wa shule, kikohozi cha mwalimu wa zamu, na mama muuza dagaa wa soko la Mwanga anapomkatalia mteja bei. Mwalimu akiniuliza swali darasani, wenzangu huanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Ni kazi nzuri. Ubaya wake niliujua mwaka huu, nikiwa kidato cha tatu, kwa sababu ya ndege.

Mimi kwetu ni Ujiji. Binamu kwao ni Bangwe, nyumba yenye geti, baba yake ni mtumishi wa serikali aliyeletwa Kigoma na uhamisho akamkuta shangazi, akasahau kuomba kurudi. Tunasoma shule moja, darasa moja. Likizo wenzetu wanaenda Dar, sisi tunapelekwa kwa Bibi, Kalinzi, milimani, kuchuma kahawa. Asubuhi kule kuna ukungu na baridi ya kukufanya uongee na moshi mdomoni, na ziwa unaliona mbali huko chini kama bati jipya. Chini ya kahawa za Bibi kuna korongo. Lina msitu kwa sababu moja tu: ni mteremko mkali mno kulima. Hata mbuzi wakifika pale husimama kwanza wakafikiri.

Likizo ya kwanza ya kidato cha kwanza tulikuwa tunachuma mistari ya mwisho, ukingoni kabisa mwa korongo, tukasikia pikipiki inakataa kuwaka. Tk, tk, tk. Kimya. Tk, tk, tk.

"Kuna bodaboda kadumbukia huko," nikasema.

"Na abiria wake ni mume wako," akasema binamu.

Tukashuka kumwokoa mume wangu. Tuliteleza kwa makalio zaidi ya miguu. Ile pikipiki ikakataa mara ya tatu, kisha ikatoka sauti kavu, ta-chak, kama mtu anayefunga sanduku la bati kwa hasira, halafu ghafla ukaanza wimbo mkubwa, wa makelele, wa kupanda na kushuka, kama soko zima limeambiwa mgambo wanakuja. Tulitafuta kwa macho kwa muda mrefu. Alikuwa kwenye mzabibu-mwitu, usawa wa vichwa vyetu, amejificha kama mtu mwenye madeni. Mkubwa kuliko shorewanda, wale wa kichwa cheusi wanaotumalizia mapapai. Rangi ya kijani ya jani ambalo halijanawa. Mbawani ana madoa ya manjano, kama alipita chini ya ngazi ya mchora maduka. Mdomo mnene wenye ndoano mbele, na pembeni ya mdomo vinywele vigumu, masharubu kabisa.

"Huyo si ndege," akasema binamu. "Huyo ni mgambo."

Tulimwambia Bibi. Bibi alikuwa anageuza buni kwenye kichanja, hakuinua kichwa. Akasema anamjua tangu yeye mwenyewe msichana, na kwamba wazee wa mlima ule hawakumpa jina.

"Kwa nini, Bibi?"

"Jina unapewa na shangazi yako. Huyo hana shangazi."

Nikadhani ananitania, maana bibi naye ni mtani. Lakini alieleza. Shorewanda akikamatwa na paka, alisema, shorewanda wa bonde lote wanakuja kupiga kelele. Kunguru ndiyo usiseme, wanaweka matanga. Wazee waliwapanga ndege hivyo, kwa nani anakuja kwenye msiba wa nani. Huyu wa korongoni walikuta amekufa mara moja, enzi hizo, wakakaa kuangalia. Hakuja mtu.

"Labda walikuwa hawajapata taarifa," nikasema.

"Yewe," akasema Bibi, "wewe utakufa na maneno mdomoni."

Sasa, mimi si mtu wa madaftari. Madaftari yangu ya shule yana kurasa za mbele zilizojaa na za nyuma zenye picha za walimu. Lakini jambo lile lilinikaa. Niliporudi Ujiji nikaenda maktaba ya shule, ambako kuna kitabu kimoja cha ndege kisicho na jalada, nikamkuta mtu anayefanana naye sana. Kitabu kilimweka ukurasa wa shorewanda. Kwenye simu ya kaka yangu nikamkuta tena, amewekwa na mbwigu, yule wa mkia mrefu anayekaa juu ya waya wa umeme kama askari wa doria na kutundika panzi kwenye miiba. Mahali pengine wakasema hapana, zamani walikuwa kwa hawa, wakahamishiwa kwa wale, na sasa kuna wanaotaka wapewe nyumba yao peke yao. Na ramani ya mahali wanapoishi haikupakwa rangi huku kwetu hata kidogo. Nilifurahi sana, sijui kwa nini. Watu wazima wenye darubini na digrii hawajui wamweke wapi, na mimi najua anapolala.

Nikanunua daftari la kaunta, lile gumu. Kila likizo, kila alfajiri kabla ya kahawa, nilishuka korongoni. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto dalili za ushorewanda, kulia dalili za umbwigu. Niliandika ninavyoongea, siwezi kuandika vingine. "Leo jamaa kaamka na uchovu, pikipiki imekataa mara kumi na moja." "Kamkamata kinyonga mdogo, kampiga kwenye tawi kama mama anayefua suruali ya jinzi. Mbwigu huyo." "Kala matunda mekundu, kwa adabu, bila kumwaga. Shorewanda huyo, ila aliyesoma." "Kiota chake nimekiona. Vijiti vichache vimelazwa tu, nimesimama chini nikaliona yai kupitia vijiti. Fundi huyu kalipwa nusu. Si shorewanda, wale wanafuma vikombe. Si mbwigu, wale wanajenga. Njiwa? Mungu apishe mbali." Kurasa zilipokuwa nyingi nikachora mstari wa pili, nikapata safu ya tatu, nikaiandika juu: "Hapa sijui." Hiyo safu ya tatu ndiyo iliyojaa kuliko zote.

Miaka miwili. Hakuna aliyelijua daftari lile ila binamu, na hata yeye nilimwonyesha jalada tu.

Mwaka huu, muhula wa pili, Madamu wa Baiolojia akatangaza kwamba kutakuwa na maonyesho ya sayansi mjini. Kila darasa litatoa kazi moja. Madamu ametoka mikoa ya nyanda za juu, hajazoea joto letu, na ana tabia ya kupepea uso kwa karatasi za mitihani tulizofeli. Akasema anataka kitu cha hapa hapa, kitu ulichokiona kwa macho yako, na kiandikwe kwa Kiingereza, maana majaji wanataka Kiingereza.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze shule nilitaka kunyoosha mkono nikiwa na jambo la kweli. Nilitaka nisimame pale mbele, niseme kitu, na watu wasicheke. Au wacheke, lakini wajue pia. Shida ni moja: Kiingereza changu ni cha kusalimia na kuaga, hapo katikati ni giza. Cha binamu ni cha redio. Baba yake huwasomesha mezani.

Kwa hiyo Jumamosi nikaenda Bangwe na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Nilimkuta sebuleni anapaka kucha.

"Karibu, mke mwenza," akasema. "Umekuja kuomba chumvi?"

"Leo hatutaniani."

Akainua uso. Sikuwahi kumwambia hivyo maishani. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka unisaidie." Nikamweleza. Nikamwambia hiki ndicho nitakachompa Madamu, anitafsirie tu, maneno yangu yabaki yangu. Nikamwambia mara ya pili, ili isije ikawa na ubishi: "Hii si ya utani."

"Sawa," akasema. Alikuwa anapuliza kucha. "Weka hapo mezani."

Nikaweka.

Wiki ya kwanza nikamwuliza, akasema anatafsiri, maneno yangu magumu, eti "kalipwa nusu" haina Kiingereza. Wiki ya pili akasema bado safu ya tatu. Siku yenyewe, Ijumaa baada ya vipindi, darasa zima tumekaa, Madamu na karatasi yake ya kujipepea, nikamnong'oneza, "Iko wapi?" Akasema, "Tulia."

Madamu akaita jina lake. Akatoka mbele na karatasi zilizochapwa kwa kompyuta, zimebanwa kwa pini, juu kuna picha ya rangi. Nilifikiri anakwenda kunikabidhia mbele za watu, kwa mbwembwe. Hata nilianza kusimama.

Akasoma. Kwa Kiingereza laini, bila kukwama, alisema amechunguza kwa miaka miwili ndege wa msitu wa Kalinzi ambaye wataalamu hawajakubaliana juu yake, na kwamba kwa ushahidi wa chakula chake, matunda, na wimbo wake, amethibitisha kuwa ni shorewanda. Nusu ya maneno sikuyaelewa, lakini siku nilizijua. Zile asubuhi zilikuwa zangu. Siku ya matunda mekundu ilikuwepo. Kinyonga hakuwepo. Kiota hakikuwepo. Safu ya tatu haikuwepo hata harufu yake. Alikuwa ameichukua miaka yangu miwili akaichambua kama mchele, akatupa kila kisichofanana na shorewanda.

Nikasimama. "Madamu, si shorewanda," nikasema. "Na si wake."

Darasa likalipuka. Walicheka kama walivyocheka siku niliyoiga kikohozi. Mmoja nyuma akasema, "Ni wa kwako, ndege? Mlifunga ndoa lini?" Mwingine akapiga tk-tk-tk. Nikasema tena, kwa sauti ya chini, nikidhani sauti ya chini ni sauti ya ukweli, na ikawa kichekesho zaidi. Nilikuwa sijawahi kuwachekesha vile.

Madamu aliniita ofisini. Lazima niseme kwamba alinipa nafasi. Alifunga kalamu yake, akaniangalia.

"Umeandika wewe?"

"Ndiyo, Madamu. Kwa Kiswahili. Yeye katafsiri."

"Daftari liko wapi?"

"Analo yeye."

"Haya. Niambie mimi, kwa nini si shorewanda?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na kiota, kinyonga, ndoano ya mdomo, sauti ya ta-chak. Yote yalikuja pamoja mlangoni yakabanana. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Madamu, shorewanda gani ana masharubu kama ya makamu mkuu wa shule?"

Makamu mkuu wa shule alikuwa meza ya pili, anakula karanga.

Nilimwagilia bustani wiki nzima. Kinachoniuma ni kwamba ile ilikuwa hoja. Vinywele vile ni dalili, vimo kwenye kitabu, niliviandika ukurasa wa kwanza. Sikuwa nimetania hata kidogo. Ni kwamba mdomo wangu haujui njia nyingine ya kutoka nyumbani.

Binamu nilimkamata kwenye geti la shule Ijumaa ile ile.

"Umemaindi?" akaniuliza kabla sijasema.

"Nimemaindi."

"Mtani hamaindi. Daftari si uliliweka mezani mwenyewe, nikalichukua? Chukua changu na wewe."

"Nilikwambia si utani. Mara mbili."

"Wewe?" Akacheka, lakini kidogo. "Wewe ukisema si utani ndipo mtu anashika mbavu. Ningejuaje?"

"Ulijua."

Akatazama viatu vyake. Halafu akasema kitu ambacho naona alikuwa amekiandaa: "Ungesimama wewe pale mbele wangecheka mpaka ndege mwenyewe ahame. Madamu alikuwa anataka jibu. Wewe hukuwa na jibu. Ulikuwa na vichekesho na safu nzima ya sijui."

"Kurasa zangu nyingine ziko wapi?"

"Zilikuwa zinachanganya watu."

Akafungua begi, akanipa daftari. Lilikuwa jembamba. Alizikata kwa rula, vizuri, huwezi hata kujua kama zilikuwepo usipohesabu nyuzi za katikati. Mtu anayechana kwa hasira unaweza kumsamehe. Huyu alikaa mezani na rula.

Kesho yake nilipanda Kalinzi kwa bodaboda kumshtaki kwa Bibi. Nilimkuta ukumbini anapukuchua maharage. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema yote, na sikuigiza sauti ya mtu yeyote. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Mikono haikusimama.

"Mtani hashtakiwi," akasema.

"Najua, Bibi. Lakini nilimwambia si utani."

"Hakuna siku isiyo ya utani kati yenu. Sheria hiyo hamkuiweka nyinyi, hamwezi kuiondoa. Nenda kachukue chake."

"Hana kitu kinacholingana."

"Basi ngoja awe nacho." Akapeperusha maganda. Akauliza, "Kwa hiyo huyo wa korongoni wameshampa ukoo?"

"Wamempa. Shorewanda."

"Walimwuliza?"

Akacheka peke yake, cheko la bila meno, mpaka akajifuta macho kwa kanga. Mimi sikucheka. Ndiyo mara ya kwanza Bibi kutania nikabaki nimekaa. Aliliona hilo, nikaona ameliona, na bado akarudi kwenye maharage yake. Nilikuwa nimepanda mlima mzima nikiamini kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye nikimwambia naumwa hataniuliza namwiga nani. Akanipa kikapu nikachume matembele.

Wiki ya maonyesho Madamu akaniita tena. Safari hii alikuwa anatabasamu, na tabasamu la mwalimu ni la kuogopwa. Akasema kazi ya binamu yangu ni nzuri lakini meza ni kimya, ni picha na karatasi tu, na majaji wanapenda kitu hai. "Wewe si unaweza kuiga sauti? Utasimama pale pembeni utupigie sauti ya huyo ndege."

Nilikubali. Marafiki zangu wameniuliza baadaye kwa nini, na jibu ni kwamba nilikuwa na mpango. Karatasi ilikuwa ya kwake, Kiingereza kilikuwa cha kwake, ila sauti alikuwa hawezi kuikata kwa rula. Nitaipiga nzima nzima: pikipiki, halafu ta-chak, halafu soko. Ile ta-chak ya katikati shorewanda hana. Mtu anayejua ndege akiisikia atauliza tu, na akiuliza nitajibu. Nilikuwa nimekariri jibu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha kaka yangu, uso mkavu, bila masharubu ya mtu.

Siku ya maonyesho ukumbi ulikuwa na joto la tanuri. Kulikuwa na jiko la jua, sabuni ya mawese, na watoto wa shule nyingine na mtambo wao wa kuchuja maji ya ziwa. Binamu alivaa sare iliyonyooshwa mpaka ina makali. Mimi nilisimama upande wa kushoto wa meza kama spika. Watu wakifika, yeye anaeleza, kisha ananipa ishara kwa kidole, nami napiga. Wanapiga makofi. Watoto wanarudi mara ya pili kwa ajili ya pikipiki.

Wakaja majaji watatu. Wawili waliangalia picha. Wa tatu alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kabla ya kusoma chochote alisema amefanya kazi ya misitu ujana wake wote. Nikampigia. Niliipiga vizuri kuliko siku zote. Nilipofika ta-chak, yule mzee akainua mkono.

"Rudia hapo katikati."

Nikarudia.

Akavua miwani. Alinigeukia mimi, si binamu. "Mjukuu wangu, shorewanda hatoi sauti hiyo. Umeisikia wapi?"

Jibu lilikuwa tayari, limepangwa, kiota kwanza, kinyonga pili. Nilivuta pumzi ili lisitoke kwa mzaha.

"Anaongezea tu, babu," akasema binamu, kwa upole, akicheka. "Huyu ndiye mchekeshaji wetu wa darasa. Hapo katikati ni masihara yake."

Wenzangu wa darasa waliokuwa nyuma wakacheka, kwa mazoea. Yule mzee akanitazama kidogo zaidi, kisha naye akatabasamu, kama mtu aliyetaniwa akakubali. "Mmenipata," akasema. Akavaa miwani yake. Wakaenda kwenye sabuni ya mawese.

Daftari ningeweza kumwachia. Nimefikiri sana, na naamini ningeweza, hata zile kurasa. Lakini sauti ile tuliisikia wote wawili. Alikuwepo. Aliteleza na mimi mpaka chini, alikuwa na matope mpaka kwenye nywele, na sauti ilipotoka alinishika mkono akasema, umesikia? Nikasema nimesikia. Duniani kote ni watu wawili tu tulioisikia siku ile, na mmoja wao alikuwa amemwambia mzee wa watu kwamba haipo.

Nilipiga sauti tena kwa waliokuja baadaye, kama nilivyoagizwa. Pikipiki na soko. Katikati niliacha kimya. Binamu alinitazama mara ya kwanza nilipoacha, kisha hakunitazama tena.

Walipata nafasi ya pili. Nasema walipata, lakini cheti kina jina moja, la binamu.

Jumapili iliyofuata alikuja Ujiji, peke yake, bila kutumwa. Mama alikuwa sokoni. Nilikuwa barazani nachambua dagaa, akakaa kwenye mkeka mbele yangu, akatania kuhusu dagaa, akatania kuhusu mikono yangu, akasema ndiyo maana sitaolewa. Kisha akatoa bahasha, akatoa cheti kile, kigumu, chenye muhuri na mstari wa dhahabu, akakiweka kwenye mkeka. Hakukiweka karibu yake. Alikisukuma kwa vidole mpaka kikagusa goti langu. Halafu akageuza uso kuelekea barabarani, akaanza kutazama bodaboda zinazopita kana kwamba ndiyo anaziona leo.

Niliiona shingo yake. Alikuwa amekaza mabega kama mtu anayesubiri maji ya baridi mgongoni.

Nilielewa anachoniomba. Nikichukue, nikichane, nikifungie maandazi, nikitundike chooni, na tuwe sawa. Kesho anachukua kitu changu, keshokutwa nachukua chake, na Bibi anacheka. Ilikuwa zawadi kubwa kabisa aliyokuwa nayo, na aliileta mwenyewe, kwa miguu, toka Bangwe. Mkono wangu hata ulianza kwenda.

Nikajifuta dagaa kwenye kanga. Nikakichukua cheti kwa ncha za vidole nisije nikakichafua, nikakirudisha kwenye bahasha, nikamgusa bega.

"Dada," nikasema, "cheti chako kisichafuke. Hongera sana."

Akageuka taratibu. Hatujawahi kuitana dada.

"Wewe vipi?" akasema. "Nitukane basi."

Nikamwuliza, kama anavyoulizwa mgeni, anakunywa chai ya rangi au ya maziwa.